Hivi behewa la treni limegeuka lini sebule ya mtu mmoja?

Siti ya Dirishani (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Jana jioni nimeshuka kwenye treni, kichwa kinagonga mpaka sasa hivi. Safari ya saa nne na ushee. Siti ya dirishani niliichagua makusudi: nusu ya safari nilale, nusu iliyobaki nimalizie kazi niliyokuwa nimeibeba. Sikulala, na kazi nimerudi nayo kama nilivyoondoka nayo.

Jamaa wa upande wa pili, siti moja mbele yangu, alitoa simu hata treni haijaanza kusogea. Video za vichekesho, zile fupifupi, hii haijaisha vizuri nyingine imedakia. Hedifoni hana. Ikimkosha anairudisha mwanzo. Kuna moja ya mbuzi anayepiga chafya, halafu kundi la watu linaangua kicheko. Nilihesabu. Mbuzi yule kapiga chafya mara 11.

Katikati ya safari dada aliyekaa nyuma yangu naye akapigiwa simu. Kaweka spika ya nje, simu kaishika mbele ya mdomo kama anataka kuing'ata. Tunamsikia yeye, tunamsikia na shoga yake. Kabla hatujafika nilishajua nani kamkopa nani, nani hajalipa, na nani hasalimiani na wifi yake tangu msiba wa mwaka juzi. Nilitamani nimwambie ageuke, nimpe na ushauri kabisa.

Mimi kwa saa tatu nzima nilinyamaza. Nakohoa cha uongo. Nageuka, namtazama yule wa mbuzi, narudi. Navuta pumzi ndefu asikie. Hasikii kitu. Saa ya nne ikanipanda, nikasimama nikamfokea mbele ya watu wote, na maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Jamaa akanishangaa, kashangaa kwa dhati, akasema, "Sasa kaka, si ungeniambia tu?" Akazima. Behewa zima likabaki linaniangalia mimi, mkorofi niliyepatikana ni mimi.

Naomba kuelimishwa. Nilikosea wapi? Na kuna nchi yoyote imeliweza jambo hili?

Kuku Mgeni:

Mara 11! Nimecheka kwa sauti, na niko ndani ya treni. Mzee wa jirani kanitolea jicho.

Nakubaliwa na Wachache:

Mleta uzi, samahani, nitakuwa tofauti. Treni ni usafiri wa umma. Umma unaongea, unacheka, unalia, unapigiwa simu. Ukitaka kimya cha msikitini au kanisani, nenda huko. Nimewahi kukaa kwenye behewa ambalo kila mtu kanyamaza kama anasubiri majibu ya daktari, ukifungua zipu ya begi watu wanageuka. Ile nayo ni kero. Na hawa mapolisi wa ukimya, wale wa "shhh!", mara nyingi "shhh" yao inasikika behewa la tatu.

Siti ya Dirishani:

Mkuu, watu wawili waliokaa pamoja wakipiga soga sina ugomvi nao, hata wakicheka. Mimi mwenyewe nikisafiri na ndugu yangu hatunyamazi. Ugomvi wangu ni huyu anayeleta mbuzi kwenye masikio yangu na mimi sina pa kukimbilia. Sokoni ukikerwa na redio unapita. Kwenye treni nimefungiwa naye mpaka kituo cha mwisho, na siti ina namba.

Mpenda Reli:

Swali lako la nchi nitalijibu mimi, ndio ugonjwa wangu.

Marekani, kampuni ya Amtrak ilianza behewa la kimya mwaka 2000, na wazo halikutoka ofisini. Abiria wa kila siku wa treni ya alfajiri kutoka Philadelphia kwenda Washington walimwomba kondakta behewa moja lisiwe na simu. Likaenea. Humo simu hazipigwi, na ukiongea unaongea kwa sauti ya maktaba. Hata wakubwa halijawaacha: mwaka 2015 Chris Christie, akiwa gavana wa New Jersey, alijikuta kaingia behewa hilo anaongea na simu, ikabidi ahame.

Ujerumani wamekwenda kwa njia iliyonipendeza zaidi. Kwenye treni zao za kasi za ICE, unapokata siti unachagua: sehemu ya utulivu, au sehemu ya simu. Na ile ya simu wameiwekea vifaa vya kuongeza nguvu ya mtandao, ili mwenye biashara zake aongee bila kupiga kelele za "halo, halo, unanisikia?" Hawakumfukuza mtu. Kila mmoja kapewa pake.

Uholanzi wameandika neno la ukimya kwenye kioo cha dirisha chenyewe, kwa Kiholanzi na kwa Kiingereza. Ukikaa limekutazama usoni, huwezi kusema hukuliona. (Wapo wanaoongea huku wameliegemea, binadamu ni binadamu.)

Uchina walianza kujaribu mabehewa ya utulivu Desemba 2020 kwenye njia za treni za kasi, mojawapo ya Beijing kwenda Shanghai. India, Januari 2022, shirika la reli lilitoa agizo la usiku: ikishapita saa nne, hakuna muziki wa sauti kubwa, hakuna kuongea na simu kwa kelele, na taa zinazimwa isipokuwa ile ndogo ya usiku. Uingereza sheria ndogo za reli zinakataza kupiga muziki au chombo chochote kinachowaudhi wengine, na ukifikishwa mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000. Lakini muulize abiria wa huko ni lini aliona mtu anafikishwa.

Ujapani nimewaacha mwisho kwa sababu kule behewa la kimya ni treni nzima. Matangazo yanakukumbusha uiweke simu kwenye kile wanachokiita hali ya adabu, yaani isilie, na usiongee nayo. Kwenye Shinkansen, treni zao za kasi, simu ikikulazimu unanyanyuka, unakwenda pale mabehewa yanapoungana. Ila sikilizeni hili: hata wao wamelegeza. Zamani ukikaa karibu na siti za wazee na wajawazito ulitakiwa kuzima simu kabisa, kwa hofu kwamba simu itavuruga vifaa vya moyo walivyowekewa wagonjwa. Oktoba 2015 reli za eneo la Tokyo zikabadilisha, uzime pale tu treni inapojaa. Kwa hiyo taratibu hizi hazikushuka kutoka mbinguni, watu wamekaa wakakubaliana na bado wanazirekebisha.

Nakubaliwa na Wachache:

Basi safi, kila mtu ahamie Tokyo.

Fundi Spika:

Wakuu, mimi kazi yangu ni sauti, nafunga mitambo kwenye kumbi. Mnamlaumu jamaa wa mbuzi bila kujua masikio yake yalikuwa wapi.

Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia wala kujua. Treni ikishika kasi ina mngurumo wa chini usiokatika. Aliye kwenye simu anapandisha sauti ili aushinde. Wa pembeni naye anapandisha ili amshinde yule. Nusu saa baadaye behewa linapiga kelele na hakuna hata mmoja anayejiona kapiga. Mwenye hedifoni ndiye hatari zaidi, maana sauti yake mwenyewe haisikii vizuri. Mkumbukeni mtu anayekujibu "NINI?" huku kaziba masikio.

Pili, kwa nini video ya simu inatoboa kuliko maongezi? Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, haiwezi kutoa besi. Nguvu yake yote inakwenda kwenye sauti nyembamba, na huko ndiko sikio la binadamu lilipo kali zaidi. Mngurumo wa treni uko chini, kwa hiyo hauifuniki. Inapita juu yake kama filimbi juu ya ngoma.

Tatu, wale mnaoniambia "nitanunua hedifoni za kuondoa kelele nimalize kesi": zile zinaondoa vizuri mngurumo, sauti ya watu haziondoi hivyo. Ukizivaa treni inatoweka, dada wa madeni anabaki peke yake, kasimama katikati ya sikio lako. Watu wanaishia kupandisha muziki ili wamfunike. Hapo angalieni: Shirika la Afya Duniani kikomo chao cha sauti kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha zaidi, muda wa usalama unapungua haraka sana.

Siti ya Dirishani:

Fundi, na kwa nini mazungumzo ya simu yanakera kuliko ya watu wawili walioketi? Sauti inaweza kuwa ileile.

Fundi Spika:

Hilo lina utafiti. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa watu kazi za kompyuta zinazohitaji umakini, huku wanasikilizishwa maongezi. Waliosikia pande zote mbili hawakuyumba. Waliosikia upande mmoja tu, kama unavyomsikia mtu kwenye simu, walivurugika. Ubongo unataka kujua mwenzake kasema nini, unabaki unabahatisha. "Eeh... Hapana... Yesu wangu! ... Lini?" Nani atalala hapo?

Msije mkasema kumbe spika ya nje ni msaada kwa kuwa inatupa pande zote mbili. Nawajua.

Kuku Mgeni:

Nilikuwa nishaanza kuandika hivyo hivyo. Nimefuta.

Mama Pacha:

Naombeni na mimi niseme. Nasafiri na watoto wawili wa miezi tisa. Mmoja akianza, wa pili anaitikia. Nimeshatolewa macho, nimeshapigwa miguno, kuna mtu aliwahi kuniambia, "Kwani huwezi kumnyamazisha?" Ningekuwa nina kitufe ningekibonyeza tangu mwezi wa kwanza.

Watu wazima hamjui vile sisi tunavyojiandaa. Wanasesere wenye king'ora nimewaacha nyumbani, nimechukua wa kitambaa. Natembea na watoto pale kati ya mabehewa mpaka miguu inaisha. Behewa la kimya siingii hata kama ndilo lenye nafasi. Sasa nikishafanya yote hayo na bado mtoto analia kwa sababu sikio linamuuma, mniache. Aliyenisaidia kuliko wote ni binti mmoja aliyegeuka akaanza kujificha uso na kumchungulia mwanangu. Dakika ishirini za amani, bure.

Ila mtoto wa miaka saba na kishikwambi chenye sauti juu mpaka mwisho, mzazi yuko pembeni kasinzia? Huyo nawaachia, mfokeeni mzazi.

Fimbo Nyeupe:

Jambo fupi. Mimi sioni, simu yangu inanisomea kila kitu. Navaa kisikizi upande mmoja tu, kwa sababu sikio la pili linasubiri tangazo la kituo. Likinipita tangazo, kituo kimenipita. Kwa hiyo mkiyapigia matangazo kelele, kuna mtu kapotea. Na mkiona mtu simu inamsemesha kidogo, tazameni kwanza kabla hamjafoka.

Mstaafu wa Mabehewa:

Nimeusoma uzi tangu mwanzo. Nilikuwa mhudumu wa behewa miaka mingi, kampuni sitaitaja. Mleta uzi kauliza alikosea wapi, nitamjibu hilo tu.

Ulikosea dakika ya tano. Hapo ndipo ulipotakiwa kumwambia. Ulipofika saa ya tatu ulikuwa umeshabeba mbuzi kumi moyoni, na yeye hana habari hata ya mmoja. Kwake wewe umelipuka ghafla. Ndio maana alikushangaa, na ndio maana behewa likawa upande wake. Watu hawakusikia saa tatu za uvumilivu wako, walisikia sekunde kumi za makelele yako.

Kile kikohozi cha uongo na macho ya pembeni, nakuhakikishia, katika miaka yote sijaona kikimfikia mtu. Mwenye simu anatazama simu. Wanaokuona ni wale wasiohusika.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Nainama mpaka kichwa changu kinalingana na chake, sisimami juu yake. Naongea chini kuliko yeye, hapo mwenyewe anashuka ili anisikie. Na simwambii "unapiga kelele". Ukimwambia mtu anapiga kelele, lazima akatae, hata kama anazipiga wakati huohuo. Namwambia, "Samahani ndugu, sauti ya simu inafika mpaka kule nyuma." Basi. Nimemwambia sauti iko wapi, sijamwambia yeye ni mtu wa namna gani. Wengi wanaomba radhi papo hapo, wengine wanaona aibu mpaka unawahurumia.

Nikipewa jibu la mkato, siongezi neno. Naondoka, nimpe nafasi ya kushusha sauti bila kuonekana kashindwa. Ukisimama pale unasubiri atii, unamlazimisha agome. Nenda, rudi baada ya dakika tatu, utakuta kashusha kana kwamba ni wazo lake.

Ila kikundi kilichokunywa, usikisogelee peke yako. Mtafute mhudumu, kazi yake ni hiyo. Na msiwapige watu video kuwaweka mtandaoni, nimeona ugomvi wa simu moja ukageuka ngumi kwa sababu ya kamera.

Kisa kimoja halafu niwaache. Abiria mmoja alikuwa kwenye simu na benki, anataja namba za kadi yake moja moja, kwa sauti ya mnadani, mpaka zile tatu za nyuma. Behewa limejaa. Nilichukua karatasi nikaziandika zote, nikaenda nikamwekea mezani kimya. Akasoma. Akaniangalia. Nikaichanachana mbele yake, nikampa vipande vyote mkononi. Alinyanyuka akaenda kumalizia simu pale mlangoni, na mpaka tunafika kila nikipita ananipa mkono.

Nakubaliwa na Wachache:

Mzee, hiyo ya karatasi nimeikubali. Na hiyo ya "sauti inafika kule nyuma" nitaijaribu kwa jirani yangu wa kitanda cha juu, wa treni za usiku. Bado sikubali mabehewa ya kimya.

Mpenda Reli:

Tutakusubiri kwenye sehemu ya simu, mkuu. Mtandao upo.

Siti ya Dirishani:

Nimerudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Safari hii walikuwa vijana wanne wana spika ya kubebeka, lile bomba linalowaka taa. Nilianza kukohoa, nikajikamata. Dakika ya tano nikanyanyuka. Nikainama kama mzee alivyosema (magoti yangu si ya kuinama tena, mngeniona). "Samahani vijana, besi inafika mpaka siti ya kule dirishani." Mmoja akasema poa, akashusha. Vituo viwili mbele wenzake wakapanda, sauti ikarudi juu. Nikaenda tena, maneno yaleyale, sikuongeza ukali. Safari hii walizima, wakaanza kucheza karata. Walipiga kelele za karata mpaka mwisho wa safari, "weka chini, weka chini!", na mimi nilifanya kazi yangu yote pembeni yao bila tabu. Nikamkumbuka Fundi: walikuwa wanaongea wote, hakukuwa na upande uliofichwa.

Saa moja ya mwisho nililala kidogo.

Kuku Mgeni:

Mstaafu, kabla uzi haujafungwa, swali. Na anayekoroma je? Tunainama?

Mstaafu wa Mabehewa:

Huyo mwache alale. Ukimwamsha atapiga simu.